Shajara ya mradi: Kukaa na aliyechoka na dunia, Kaskazini Pemba

Januari 2025, Wete

Kundi limekamilika. Tuna walimu wa madrasa, mwalimu wa skuli, mkunga wa jadi, fundi cherahani, wavuvi wa Tumbe, vijana wa bodaboda wa Konde na msaidizi wa sheha. Mtaalamu ni mmoja tu, muuguzi wa afya ya akili. Yeye ndiye anayefundisha, na ndiye tunayempigia simu jambo likituzidi. Kazi tuliyojipa ni kwamba katika kila shehia tunayoifikia awepo mtu anayeweza kumtambua mwenye kutaka kujidhuru au kujiua, akakaa naye bila kumkimbia, na akajua pa kumpeleka.

Tumeulizwa kwa nini tusianzie hospitali. Kwa sababu mtu wa huku akizidiwa na mawazo haanzii hospitali. Anaanzia kwa mama yake, kwa shehe wake, kwa mganga, na wengi hawaanzii kwa mtu yeyote. Hospitali kuu ya maradhi ya akili ni Kidongo Chekundu, nayo iko Unguja. Kabla mtu hajaonana na daktari kule pana nauli ya boti, pana ruhusa ya familia, na pana aibu ya kuonekana bandarini akipelekwa. Hapo katikati ndipo tunapotaka watu wetu wasimame.

Wala hatukubuni jambo jipya. Harare, Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mitaani wakae kwenye benchi nje ya kliniki na wawasikilize wenye huzuni kwa utaratibu maalumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliokaa na mabibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango ule ulivuka mipaka ukafika Malawi na hapa kwetu Zanzibar. Mabaraza ya kukalia sisi tunayo nyumba kwa nyumba. Tunachokosa ni utaratibu wa kusikiliza.

Siku ya kwanza nilisoma takwimu za Shirika la Afya Duniani: zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiki ni chanzo cha tatu cha vifo. Watu walisikiliza kwa adabu, basi. Kilichowashika ni swali la muuguzi: nani hapa hajawahi kusikia habari kama hii mtaani kwao, ikasemwa chini chini kisha ikafichwa? Hakuna aliyenyanyua mkono.

Kijana wa bodaboda akauliza kuhusu polisi. Nikimpeleka mtu hospitali, sitamtia matatani? Hofu hii ni kubwa, na inawafanya watu wafiche majeraha mpaka yaharibike. Mwezi huu huu Mahakama Kuu ya Kenya imetamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na katiba. Ghana walishabadilisha sheria yao mwaka 2023. Kijana tulimjibu hivi: anayetoka damu au aliyekunywa kitu ni mgonjwa wa dharura, anapelekwa hospitali kwanza, na sisi tunakwenda naye, hatumwachi mlangoni.

Februari, Konde

Somo la dalili. Tulikuwa na kitabu cha mafunzo kilichoandikwa nchi za baridi. Kinasema mwangalie anayevaa mikono mirefu wakati wa joto, huenda anaficha makovu. Darasa zima lilitazamana. Pemba msichana gani havai mikono mirefu? Skuli, madrasani, dukoni, kote kajisitiri. Dalili hiyo huku haina kazi.

Mwalimu wa madrasa, mwanamke, ndiye aliyetupa inayofanya kazi. Alisema alikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akitia udhu na wenziwe kila siku, wakicheka, wakirushiana maji. Ghafla akaanza kuja udhu wake kautia kwao, au anasubiri wenziwe waondoke birikani. Kwenye udhu mikono hupandishwa mpaka kwenye viwiko. Mwalimu hakumvamia wala hakumpandisha mkono kwa nguvu. Alimwita pembeni baada ya wenziwe kuondoka, akamwambia: "Mwanangu, naona siku hizi hutii udhu na wenzio. Mimi sitakugombeza. Kama kuna kinachokuuma, mimi nipo." Msichana hakusema kitu siku ile. Alisema wiki iliyofuata.

Hapa muuguzi alisimama kwa muda mrefu, na ninafurahi kwamba hakuharakisha. Anayejikata si lazima awe anataka kufa. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu maumivu ya ndani yamezidi, na hawajapata njia nyingine ya kuyapunguza. Si kiburi, si kutaka kutazamwa, na si lazima awe na jini. Lakini si jambo la kupuuza, kwani mtu huyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kujiua baadaye. Kumtia aibu mbele ya watu, kumchapa, au kumlazimisha aape kwamba hatorudia kunamfanya ajifiche zaidi. Jeraha litibiwe kwanza, kwa upole. Halafu ndiyo mazungumzo.

Dalili nyingine iliyochukua muda ni kuombana radhi. Kitabu kinasema mwenye nia ya kujiua huaga, hugawa vitu vyake, hulipa madeni ghafla. Lakini sisi tunaombana radhi kila mwaka kabla ya Ramadhani, anayekwenda hija huzunguka mtaa mzima akisema "nihalalishie", na mgonjwa mtu mzima akiusia si ajabu. Tulikubaliana tuangalie yanayokwenda pamoja na radhi hiyo. Je, haendi safari yoyote? Je, amejitenga, halali, hali, ameacha kwenda sala ya jamaa alipokuwa hakosi? Je, anasema amekuwa mzigo kwa watu wake? Je, alikuwa na huzuni nzito kwa muda, mara ametulia bila sababu inayoonekana? Mkunga akaongeza ya wanawake wake: mama aliyejifungua karibuni anayesema mtoto atalelewa vizuri zaidi na dada yake. Neno hilo, alisema, akilisikia haondoki nyumba hiyo mpaka ameelewa maana yake.

Tumewataja pia walio katika hatari zaidi tunaowajua kwa sura: aliyewahi kujaribu huko nyuma, huyo kwanza kabisa, vijana wanaotoka nyumba za upataji nafuu wa dawa za kulevya na kurudi mitaani bila kazi, walioanguka mikarafuu wakabaki na ulemavu, waliofiwa kwa ghafla, mwanamke anayepigwa.

Machi, Ramadhani

Mafunzo tumeyahamishia usiku baada ya tarawehe, na kikao kimoja ndicho kilichobadilisha sura ya mradi huu.

Mpaka hapo tulikuwa na kikwazo kimoja kilichorudi kila tulipofanya mazoezi. Mtu akisema "natamani nife", mwenziwe anamkatiza kwa mawaidha: mche Mungu, subiri, hiyo ni dhambi kubwa, utaingia motoni. Wanasema kwa mapenzi, sina shaka. Lakini aliyeambiwa hivyo anafunga mdomo, na asiyesema tena hatuwezi kumsaidia. Muuguzi alilieleza hili mara kadhaa, na wazee wakamwona kama anawaambia waache dini.

Maalim, mmoja wa walimu wetu wa madrasa, alikuja na msahafu. Akasoma Surat Maryam, pale bibi Maryam aliposhikwa na uchungu chini ya mtende, peke yake, akiogopa watu watasema nini, akatamka kwamba laiti angekufa kabla ya haya na akawa kitu kilichosahauliwa kabisa. Maalim akauliza: huyu ni nani anayesema maneno haya? Ni mwanamke aliyetakaswa. Je, alijibiwa nini? Aliambiwa asihuzunike. Akaoneshwa kijito cha maji chini yake. Akaambiwa atikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Na akiona mtu yeyote, aseme ameweka nadhiri, leo hazungumzi na mtu.

"Tazameni mpangilio," Maalim alisema. "Faraja kwanza. Maji, chakula, kupumzika. Halafu akaondolewa hata mzigo wa kujieleza kwa watu. Nani katika sisi humfanyia hivi mwanamke aliyefikwa?"

Akaenda kwenye Surat An-Nisaa, aya ya 29, ambayo watu huisoma nusu. Makatazo ya kujiua yamo humo, lakini aya inamalizikia kwa kutaja huruma ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake. Anayesoma makatazo na kuiacha huruma, alisema, hajaisoma aya.

Mzee mmoja wa Tumbe ambaye alikuwa mkali kuliko wote alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akaomba aandikiwe namba za aya hizo. Sijasikia tena mtu katika kundi hili akianza na moto wa Jahanamu.

Aprili hadi Mei, masika

Njia ni mbovu, mahudhurio yameshuka kidogo. Tumefanya jambo moja tu miezi hii, nalo ni kuuliza.

Hofu ya wengi ni kwamba ukimuuliza mtu kuhusu kujiua utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Hiyo si kweli. Tafiti zimeliangalia jambo hili kwa miaka mingi na hazikuona kwamba swali linaongeza hatari. Wengi wanaoulizwa wanapata nafuu kwa kuwa hatimaye wamepata wa kumwambia. Lakini kulijua hili na kulitamka swali ni mambo mawili, hasa kwa sisi tuliolelewa kwenda pembeni mwa kila neno zito. Kwa hiyo tumefanya mazoezi wawili wawili, tena na tena. Niliandika moja neno kwa neno, mzee mvuvi na kijana wa bodaboda aliyejifanya amefikwa:

"Mwanangu, tangu msiba ule sikuoni barazani. Una nini?"

"Sina kitu, ami. Nimechoka tu."

"Umechoka na kazi, au umechoka na roho yako?"

"Yote mawili."

Mzee alinyamaza. Nilimwona anatafuta mawaidha, kisha anayarudisha. Akasogea kidogo.

"Mtu akichoka hivyo, mara nyingine hujiwa na fikra za kufa. Nakuuliza wazi, mwanangu, na sitakasirika kwa jibu lolote. Unafikiria kujiua?"

Chumba chote kilinyamaza. Kijana alikuwa anaigiza, lakini alitueleza baadaye kwamba swali lile lilimfikia, na kwamba mtu asiyeigiza angelia. Hatuna swali bora kuliko hilo. Ukiulizia pembeni unajibiwa pembeni.

Jibu likiwa ndiyo, yapo ya kufuata: ameshafikiria atafanyaje, kitu hicho anacho karibu, amejiwekea wakati, amewahi kujaribu. Kadiri majibu yanavyokuwa na mpango ndani yake ndivyo mtu huyo asivyotakiwa kuachwa peke yake hata kwa dakika ya kwenda msikitini. Anapigiwa simu muuguzi, anaitwa mtu wa familia ambaye yeye mwenyewe anamwamini, na anasindikizwa. Na kitu kimoja hatukiahidi kamwe: siri. Tunamwambia mapema kwamba mengine yote yatabaki kwetu, lakini hatari ya maisha yake tutamwambia anayeweza kusaidia. Vijana walilipinga hili. Walisema hakuna atakayezungumza. Mpaka sasa imekuwa kinyume chake, watu wanazungumza wakijua mipaka iko wapi.

Juni, mpango wa usalama

Mpango wa usalama ni ukurasa mmoja wa daftari unaomwonesha mtu la kufanya fikra za kufa zikimjia, mstari mmoja kwa kila jambo, na mwenye kuuandika ni mhusika mwenyewe kwa maneno yake. Asiyejua kuandika anachorewa au anakaririshwa. Wa mfano aliouandika fundi cherahani katika mazoezi umebandikwa ukutani: najijua nimeanza kuharibika nikikosa usingizi siku mbili na nikichukia sauti za watoto. Nikifika hapo naoga, nasali rakaa mbili, natoka nje. Nisipotulia nakwenda dukoni kwa kaka yangu, hata kama sisemi kitu, nakaa tu na watu. Nikizidiwa namwambia mke wangu na Maalim. Ikishindikana namba ya muuguzi hii hapa. Vidonge vya mama vinakaa kwa jirani.

Mstari wa mwisho ndio watu huutaka kuuruka, na mimi nauona una uzito kuliko yote. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi halidumu, lakini linaua likimkuta mtu karibu na kitu cha hatari. Sri Lanka walipiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali zaidi, moja baada ya nyingine, na vifo vya kujiua vikapungua kwa takriban asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Watu hawakuacha huzuni. Walikosa sumu iliyo karibu. Kwetu tunawaomba familia zenye mtu aliye hatarini zitoe nyumbani dawa za shamba na vidonge vya ziada, zivihifadhi kwa mtu mwengine kwa muda.

Juni, baada ya Idi

Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asijulikane, na mwenyewe ameridhia yaandikwe.

Mtu mzima, mchumaji karafuu, aliyeanguka msimu uliopita na hawezi tena kupanda. Alimpelekea fundi cherahani wetu kanzu yake ya Idi, nzuri, aliyoivaa mara moja, akataka ipunguzwe imfae mtoto wa nduguye. Akalipa na deni la zamani ambalo fundi alishalisahau. Akiwa anaondoka akasema, "Nihalalishie, fundi."

Fundi aliacha cherahani. Akamwambia akae, akafunga mlango nusu, akamuuliza swali lile lile la mazoezi. Yule bwana alilia kwa muda mrefu. Alikuwa na siku amejiwekea.

Hakuachwa peke yake. Ndugu yake aliitwa, vitu vya hatari vikaondolewa nyumbani, na asubuhi fundi na ndugu wakampeleka. Kituo cha kwanza walichofika waliambiwa mgonjwa hana homa, arudi nyumbani. Fundi hakurudi. Alimpigia muuguzi, wakaelekezwa kwingine, akapokewa na kuanzishiwa matibabu ya sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito. Kama fundi angekuwa hajafundishwa kwamba jambo hili ni dharura, wangerudi.

Familia ilitaka kisomo pia. Hatukushindana nao. Kisomo kinafanyika baada ya Alasiri, dawa za hospitali zinanywewa usiku. Tulichokataa ni kufungwa na kupigwa, na Maalim ndiye aliyelisema hilo mbele ya wazee, jambo ambalo mimi nisingesikilizwa nikilisema.

Julai

Ufuatiliaji. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa Campinas, Chennai, Colombo, Karaj na Yuncheng, kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Nusu walipata, juu ya matibabu ya kawaida, mazungumzo ya takriban saa moja, na baada ya hapo kutembelewa au kupigiwa simu mara tisa ndani ya miezi 18. Waliokufa kwa kujiua walikuwa wachache sana kwa waliofuatiliwa: asilimia 0.2, na kwa wenzao asilimia 2.2. Tumeuchukua mpangilio wao kama ulivyo: wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, kisha mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Kazi hii haihitaji shahada. Inahitaji mtu atakayekwenda siku aliyosema atakwenda.

Kadi ndogo zimechapwa kwa wino mmoja: namba ya muuguzi, 116 kwa huduma kwa mtoto ambayo ni bure, na 112 kwa dharura. Ukisoma haya nawe uko katika hali hiyo, mwite mtu aje akae nawe leo, kabla ya kumaliza kusoma.

Mkunga anasema halali vizuri tangu alipokaa na mama mmoja usiku kucha. Kuanzia sasa anayetoka kwa mtu mwenye hatari anampigia mwenziwe siku hiyo hiyo, anasema yaliyomkaa moyoni, na haendi peke yake mara ya pili mfululizo.

Agosti

Tarehe 10 Septemba ni Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, na wenzetu wa mbali walitushauri tufanye mkutano wa hadhara siku hiyo. Wazee wa Wete wakasema hapana. Tarehe 10 Septemba 2011 ndiyo siku ilipozama meli ya Spice Islander ikija Pemba, ikaondoka na mamia ya watu. Siku hiyo nyumba nyingi huku zina khitma yao.

Tumezungumza sana, na tumeamua kutofanya mkutano. Badala yake wanakundi watakwenda kwenye khitma za majirani zao kama wanavyokwenda kila mwaka, watakaa, na watabaki baada ya watu kuondoka, maana wapo waliofiwa siku ile ambao miaka yote hii hakuna aliyewauliza wanalalaje.

Tumeongeza pia kikao kwa ajili ya familia ambazo mtu wao alikufa kwa kujiua. Zimetengwa vibaya. Maalim amekubali kulisema msikitini wazi: kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi aliyekufa hivyo huoshwa, husaliwa na huzikwa katika makaburi ya Waislamu, na familia yake inapewa tanzia kama wafiwa wengine.

Micheweni wameomba tuwaanzishie kundi lao. Tutakwenda baada ya uchaguzi wa Oktoba, watu wakiwa na nafasi. Skuli mbili zimeomba somo la wasichana. Mwalimu wa madrasa ndiye atakayelifundisha.

Mchumaji wetu, wiki yake ya 11 imeangukia mwisho wa mwezi huu. Fundi atakwenda Alhamisi baada ya Alasiri. Akipata safari atakwenda Maalim, na mgonjwa ameshaambiwa.